Pedali ya breki ilipolegea: gereji ya jua kali ya Kibuye iliyonirudishia breki za Probox

Mimi ni muuzaji wa mayai. Siku 4 kwa wiki natoka Kiboswa alfajiri, kabla hata makondakta wa matatu hawajaanza kuita abiria, na nyuma ya Probox yangu kuna trei 60, wakati mwingine 70. Nateremka mlima wa Riat polepole, napita Mamboleo, na kufikia saa moja asubuhi nimeshaanza kushusha mayai kwa wateja wa Kondele na Kibuye. Aliyewahi kuteremka Riat na mzigo anajua kwamba pale mguu wa kulia hauna mapumziko. Mbele yako ziwa na Kisumu yote, nyuma yako lori la mchanga, pembeni bodaboda anayekupita bila kuwasha taa. Kwa hiyo ninapozungumzia breki sizungumzi kama shabiki wa magari. Breki ndizo zinanirudisha kwa watoto wangu.

Gereji ninayoisifu haina bango. Iko upande wa jua kali wa Kibuye, ukishawapita wanaogonga masanduku ya bati na majiko. Nusu ina paa la mabati, nusu iko wazi juani. Mwenyewe ni mzee ambaye kila mtu pale anamwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, na mimi namwita hivyo hivyo. Nilimwomba ruhusa ya kuandika. Akasema niandike kazi, jina na namba ya simu niviache, maana hapendi kupigiwa na watu wa kuuliza bei tu.

Nianze na yaliyonipeleka kwake.

Mwanzoni mwa mwezi uliopita gari lilianza kuvuta kushoto kila nikikanyaga breki, na rimu ya mbele kushoto ikawa inatoka na joto la kuunguza vidole. Nilienda kwenye gereji moja mjini, kubwa, yenye sakafu ya saruji na viti vya wateja. Siitaji. Wakaniambia kalipa ya kushoto, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, imekwama, pistoni hairudi. Hilo lilikuwa kweli. Wakashauri tubadilishe kalipa zote mbili za mbele kwa za ex-Japan, yaani zilizotumika Japani, pedi mpya, na kwa kuwa viatu vya breki vya nyuma vilikuwa vimeisha, navyo vibadilishwe. Nililipa shilingi 17,300, spea na kazi. Kwangu hizo ni hela za chakula cha kuku cha wiki nzima na zaidi, lakini sikulalamika. Breki si mahali pa kubana matumizi.

Jioni nikapewa ufunguo. Nilipokanyaga pedali kutoka pale getini nilihisi mguu unaingia kwenye godoro. Ilishuka, ikashuka, ikaanza kushika ikiwa karibu na sakafu. Nikaachia, nikakanyaga tena harakaharaka mara mbili, ikapanda na kuwa ngumu kidogo. Nikangoja sekunde chache, nikakanyaga mara moja: godoro tena. Nikarudisha gari palepale, nikamwita msimamizi. Akaingia, akakanyaga, akatabasamu, akasema, "Itazoea tu, mama. Pedi ni mpya."

Neno hilo "itazoea" nimelibeba moyoni tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niandike. Pedi mpya kweli zina kipindi chake cha kukaa sawa na diski. Siku za kwanza zinaweza zisiume vizuri, ukahisi gari linachukua mita kadhaa zaidi kusimama. Lakini pedi mpya haziifanyi pedali ianguke sakafuni. Hayo ni mambo mawili tofauti, na aliyepaswa kujua tofauti ni yule aliyechukua pesa yangu.

Nilikubali kwa sababu sikujua. Siku ya tatu, chini ya daraja la Kondele, bodaboda mwenye abiria wawili alikata mbele yangu. Nikakanyaga. Pedali ikaenda chini na gari likaendelea kutembea. Nikakanyaga mara ya pili, ya tatu, likasimama nikiwa ninasoma jina la kanisa lililoandikwa kwenye koti la yule mama wa nyuma. Hivyo ndivyo tulivyokaribiana. Trei ziliteleza mpaka zikagonga mgongo wa kiti changu, mayai ya trei 4 yakapasuka. Nilikaa pale nikitetemeka, magari yananipigia honi, ute wa mayai unanitiririkia kwenye kiti.

Nikarudi kule kule. Wakatoa upepo, yaani wakablidi breki, mara mbili, wakamaliza chupa mbili za mafuta ya breki. Pedali haikubadilika. Mwishowe wakaniambia masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, imekufa, ninunue nyingine: shilingi 9,500, kazi juu yake. Nilikuwa nishaanza kupiga simu kwa dada yangu kukopa. Mteja wangu mmoja anayekaanga samaki Kibuye ndiye aliyenizuia. Akaniambia, "Kabla hujatoa hiyo pesa, mwone Jaduong'. Yeye haanzi na mfuko wako."

Niseme hapa, kwa anayesoma akiwa na tatizo kama langu: nililiendesha lile gari hadi Kibuye, gia ya 2, mwendo wa kutembea, na ilikuwa makosa. Breki ikifika hapo, fundi ndiye aje kwako au gari livutwe. Jaduong' alinigombeza kwa hilo kabla hata ya kunisalimia vizuri.

Nilifika saa mbili na dakika 20 asubuhi, akanigusa saa nne kwa sababu kulikuwa na wawili mbele yangu. Alipoanza, hakufungua boneti. Alivuta kigoda, akakaa, akaniuliza maswali.

"Nyar Maragoli, kabla hujapeleka gari kule, pedali ilikuwaje?"

"Ilikuwa juu, Jaduong', na ngumu. Shida ilikuwa kuvuta kushoto tu."

"Walifungua nini na nini?"

Nikamtajia: kalipa mbili, pedi, viatu vya nyuma. Akaguna. Akasema masta silinda inaweza kweli kufa siku hiyo hiyo, na akaniambia ni kwa njia gani. Ndani yake kuna mipira inayoteleza kwenye sehemu ile ile ya bomba miaka yote. Sehemu ya mbele, ambako haifiki kila siku, hujenga kutu na uchafu. Fundi akipampu pedali mpaka sakafuni wakati wa kutoa upepo, ile mipira inapelekwa kwenye uchafu na kuchanika. "Kwa hiyo sikatai," akasema. "Lakini mtu akiugua baada ya kula, kwanza unaangalia sahani."

Kisha akanionyesha namna ya kuisikiliza pedali, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipopata thamani ya pesa yangu. Gari likiwa limezimwa, alinikalisha kwenye usukani akaniambia nikanyage mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha nishikilie bila kuongeza nguvu. Akapiga magoti mlangoni, akaweka kipande cha mbao kwenye zulia na kuchora alama ya kalamu pale pedali ilipofika. Tukangoja dakika nzima. Alama haikusogea.

"Ingekuwa masta silinda inavujisha ndani," akasema, "mguu wako ungezama taratibu kama mtu anayekaa kwenye matope. Au kuna mahali panavuja nje, na tungeona kimelowa. Yako haizami. Yako inabonyea na kurudi. Hiyo ni hewa."

Akaendelea: pedali inayobonyea kama sifongo ni hewa, inayozama polepole ni mvujo, inayokwenda mbali halafu inashika ngumu ghafla, mara nyingi ni viatu vya nyuma vilivyokaa mbali na ngoma, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Magari mengine yana mawili kwa pamoja. Nilikuja kugundua baadaye kwamba langu lilikuwa mojawapo.

Halafu akachukua vibano viwili vyenye midomo ya mviringo, vile vya kubania mipira ya breki bila kuikata, akabana mpira wa mbele kushoto na wa mbele kulia. Akaniambia nikanyage. Nilishtuka. Pedali ilikuwa ngumu na iko juu, si ile ile! Ilikuwa bado na mwendo mrefu kidogo, lakini godoro lilikuwa limeondoka. Akaachia kibano cha kulia: ikalegea. Akakirudisha, akaachia cha kushoto: ikalegea tena. Kwa dakika 5, bila kufungua nati hata moja, alikuwa ameshajua hewa iko wapi. Iko kwenye kalipa za mbele, zote mbili. Na masta silinda ya shilingi 9,500 haikuwa na kosa lolote.

Akatoa tairi la kushoto. Akachutama, akaangalia, akamwita msichana anayefanya naye kazi. Ni binti wa ndugu yake, anasomea umekanika chuoni na siku za likizo yuko pale na ovaroli yake. Hakumwambia kitu. Alimwachia nafasi tu. Yule binti akaangalia sekunde tatu, akasema, "Nipeli iko chini."

Nami nikaangalia bila kuona chochote. Kwenye kila kalipa kuna kimsumari kidogo chenye tundu, wanakiita nipeli, ambacho hufunguliwa ili hewa itoke. Kwenye gari langu kilikuwa upande wa chini wa kalipa, kimeelekea lami. Na mpira wa breki ulikuwa umejisokota, ile mistari iliyochapwa juu yake inazunguka kama kamba, kwa sababu ulilazimishwa kufika mahali ambapo haukupimwa kufika.

Jaduong' akaenda kwenye meza yake akaja na chupa ya soda iliyojaa maji karibu yote. Akaifunga, akaigeuza. Kile kiputo cha hewa kilichobaki kikakimbilia juu, kwenye kitako cha chupa. Akainamisha, kikakimbia tena. "Hewa siku zote hupanda," akasema. "Sasa ukitoboa huku chini, kitatoka nini?" Nikasema maji. "Ndiyo. Na hicho kiputo kitabaki kinakuangalia. Hata uchukue chupa mia za mafuta."

Walikuwa wamefunga kalipa ya kulia kushoto, na ya kushoto kulia. Basi. Kalipa zenyewe nzima, pedi nzima, kila kitu kinaingia na kufungika, gari linatembea. Lakini zikibadilishana pande, nipeli inakuwa chini na juu ya pistoni kunabaki mfuko wa hewa usio na pa kutokea. Mafuta hayabanwi, ukiyasukuma huku, yanasukuma kule. Hewa inabanwa. Kila nilipokanyaga, nguvu ya mguu wangu iliishia kubana ule mfuko badala ya kubana diski. Nikipampu harakaharaka, mafuta zaidi yanaingia kabla ya yale ya kwanza kurudi, ndiyo maana ilikuwa inapanda. Nilipoelewa hilo, nilifikiria yule mama wa bodaboda na koti lake, na nikaona haya yote yangeweza kuonekana kwa macho na mtu yeyote aliyechutama kwa sekunde tatu.

Kazi yenyewe niliitazama yote. Alizirudisha kalipa pande zake, akaweka wosha mpya za shaba, mbili kwa kila bolti ya mpira wa breki. Hizo hazirudishwi zikishabanwa mara moja, alisema, kwa sababu zimeshalala na zitavuja. Vyuma vya kutelezea kalipa alivipangusa na kuvipaka grisi yake maalumu isiyodhuru mpira. Mipira ikakaa imenyooka.

Nilikuwa nimekuja na nusu chupa ya mafuta ya breki kutoka nyumbani, iliyobaki mwaka jana. Akaikataa. Nikadhani ni ujanja wa kuniuzia, mpaka alipoeleza. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hata kupitia kifuniko ambacho hakikukazwa vizuri. DOT 3, aina ya mafuta ya breki ambayo ndiyo iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi la breki la gari langu, ikiwa mpya na kavu haichemki mpaka nyuzi 205 au zaidi. Ikishalewa maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Sasa teremka Riat na mzigo, mguu uko kwenye breki njia nzima, kalipa zinapata moto, mafuta yanachemka, na mvuke ni kama hewa tu: pedali inalegea ukiwa katikati ya mlima. Alinituma mimi mwenyewe dukani nikanunue chupa mbili zilizofungwa, za nusu lita, shilingi 450 kila moja. Akakagua sili kabla ya kufungua. Hapo nikaacha kumshuku.

Kutoa upepo kwenyewe kulinipendeza kama kuangalia watu wanaotwanga kwa zamu. Binti alikaa kwenye usukani. Chini ya pedali Jaduong' aliweka kipande cha mbao kilichofungwa kitambaa, ili isifike sakafuni na kuumiza ile mipira ya masta silinda. Alianza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia hilo ni la nyuma kushoto. Likafuata la nyuma kulia, la mbele kushoto, akamalizia la mbele kulia. Alisema kuna magari yenye mpangilio mwingine, na fundi anapaswa kuuliza kabla ya kujifanya anajua. Kwenye nipeli alichomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha yake ikiwa imezama kwenye chupa yenye mafuta kidogo ili hewa isirudi.

"Kanyaga!"

"Nimeshika!"

Spana inazunguka robo. Mafuta yanapita, pedali inashuka.

"Shikilia hapo hapo!"

Spana inakaza.

"Achia!"

Hakuna haraka. Kila baada ya mara tano au sita anainuka kuangalia tangi lisishuke chini ya alama, maana likikauka unavuta hewa upya juu kule, na gari lenye ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, linaweza kuficha hewa hiyo mahali ambapo itakulazimu kutafuta mwenye mashine ya kompyuta. Mbele kushoto ndipo nilipoona kwa macho yangu. Mafuta yalitoka meusi kama chai ya rangi, kisha ghafla mpira ukajaa povu jeupe, mapovu yakifuatana kama ya soda iliyotikiswa. Halafu yakapungua. Halafu kimoja kimoja. Halafu utepe mmoja tu, safi, rangi ya asali nyepesi, usio na doa. Akaendelea mara tatu zaidi baada ya hapo, akaniangalia, akafunga.

Nikasema tumemaliza. Akasema bado, ule mwendo mrefu haujaisha. Akatoa ngoma za nyuma, kwa sababu, maneno yake, aliyechanganya kushoto na kulia mbele anaweza kuchanganya nyuma. Ajasta za viatu vya breki, zile skrubu za kuvisogeza karibu na ngoma, nazo zina upande. Nyuzi zake zinazunguka kinyume, na ukizibadilisha zinalegeza badala ya kukaza. Zangu zilikuwa sawa, ila hakuna aliyezirekebisha baada ya kuweka viatu vipya. Akarudisha ngoma, akatoa kizibo kidogo cha mpira nyuma ya bamba, akaingiza bisibisi, akazungusha kile kigurudumu chenye meno huku mkono mwingine ukizungusha ngoma, tiki, tiki, tiki, mpaka ngoma ikaanza kusugua, kisha akarudisha meno machache. Hendbreki iliyokuwa inashika kwenye mlio wa 10 sasa inashika wa 6.

Nikapanda. Nikakanyaga. Mguu ulisimama juu, kama umekanyaga ngazi ya nyumba. Nilinyamaza. Kisha nikawasha injini na pedali ikashuka kidogo chini ya mguu wangu, nikapiga kelele, "Imelegea tena!" Jaduong' akaja taratibu akaniambia hiyo ni busta, kile kifaa kinachoongezea mguu nguvu, inaamka. Ukiwa umeshika pedali kisha ukawasha gari, lazima ishuke kidogo. Isiposhuka ndipo uulize. Nimeandika hilo ili mwenzangu asije akapata mshtuko nilioupata.

Tulilijaribu kwanza kwenye uwanja mtupu mwendo wa kilomita 10 kwa saa, kisha barabarani, yeye akiwa pembeni yangu, tukapanda hadi karibu na Riat na kuteremka bila mzigo. Akaniambia nipunguze mwendo kwa kukanyaga wastani mara nane hivi, bila kusimama kabisa na bila kukaa kwenye breki, pedi zipate kukaa na diski. Ile ndiyo maana halisi ya pedi kuzoea.

Bei: kazi shilingi 2,000, wosha 4 za shaba shilingi 200, mafuta 900. Jumla 3,100. Nilimaliza saa nane na nusu mchana.

Sasa kasoro, maana zipo. Hakuna pa kukaa zaidi ya kigoda kimoja, na jua la Kisumu saa sita halina huruma. Ukienda na mtoto utateseka. Choo ni cha soko, cha kulipia. Mvua ikinyesha, magari yaliyo upande usio na paa yanasubiri, na wewe unasubiri nayo. Hapokei simu akiwa chini ya gari, na yuko chini ya gari siku nzima. Risiti ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari, ingawa ameandika kila kitu, hadi idadi ya wosha. Jumamosi hafungui kabisa, ni siku yake ya ibada. Na ukienda na haraka atakuambia uende kwingine, bila kukuonea aibu. Mwenye gari jipya la mifumo mingi ya kompyuta naye huenda asipate msaada wote pale. Mwenyewe alisema hivyo kwa mteja mmoja nikisikia, akamwelekeza kwa mwenye mashine.

Yote hayo nayavumilia. Kule kwenye viti na sakafu ya saruji nilikaa vizuri nikapewa gari la kuua watu.

Nilirudi kule, ndiyo. Nilienda na picha kwenye simu: nipeli ikiwa chini, mpira umejisokota. Kijana aliyefunga zile kalipa aliangalia picha kwa muda mrefu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hakuna aliyewahi kumwonyesha. Nilimwamini, na sina kinyongo naye. Kinyongo changu ni kwa msimamizi aliyekanyaga ile pedali kwa mguu wake mwenyewe, akatabasamu, akaniambia itazoea. Walinirudishia shilingi 1,500. Hawakuomba msamaha kwa mayai wala kwa rangi, maana walipomwaga mafuta ya breki karibu na tangi hawakuosha, na rangi ya bodi imebanduka kipande kikubwa kuliko sarafu ya shilingi 20. Mafuta hayo yanakula rangi. Jaduong' likimdondokea tone analimwagia maji na sabuni hapo hapo. Nilimwona akifanya hivyo mara mbili, na mara ya pili lilikuwa tone ambalo mimi sikuliona.

Aliniambia nirudi baada ya kilomita 500. Nilirudi wiki iliyopita, Jumatano. Binti ndiye aliyekagua safari hii, Jaduong' amesimama nyuma yake na mikono mgongoni: kimo cha mafuta kwenye tangi, unyevu kwenye wosha za shaba, nipeli zote nne, pedali. Hakuna kilichovuja, pedali iko pale pale. Nikauliza bei, akasema hakuna bei ya kuangalia. Nikashusha trei moja ya mayai nikaiweka mezani kwake. Akakataa. Nikamwambia si yake, ni ya aliyeiona nipeli kwanza. Binti akamwangalia, yeye akageuka kwenda kwa gari lililofuata, na ile trei ikabaki mezani.